Miguu Inavyoeleza Hali ya Mapafu

Tafuta kiti kisicho na mikono, cha kimo cha kawaida. Kiegemeze ukutani ili kisiteleze. Kaa. Kunja mikono yako kifuani. Sasa simama wima, kisha kaa tena. Fanya hivyo mara tano, upesi uwezavyo, bila kushika kitu chochote. Mwenzako atazame saa na kuhesabu sekunde. Kama leo kifua kinauma au unasikia kizunguzungu, usijaribu. Soma tu.

Umetumia sekunde ngapi? Mzee anayemaliza ndani ya sekunde 11 ana miguu mizuri. Mzee anayefika sekunde 17 huwekwa katika kundi la walio dhaifu. Asiyeweza kuinuka kabisa bila kushika kitu, huyo ni dhaifu zaidi.

Labda unajiuliza, kiti na mapafu vina uhusiano gani? Uhusiano upo, tena mkubwa. Madaktari wameona kwamba mgonjwa wa kifua cha siku nyingi hajulikani vizuri kwa kupimwa kifua peke yake. Inafaa pia kumtazama anavyotembea na anavyoinuka. Watu wawili wanaweza kuwa na mapafu yaliyoharibika sawasawa. Mmoja bado anakwenda shambani. Mwingine hafiki hata msikitini au kanisani bila kusimama njiani. Huyu wa pili ndiye aliye hatarini zaidi. Kiti, kamba na saa vinaweza kumwonyesha mapema, kabla hajabebwa kupelekwa hospitali.

UGONJWA TUNAOUZUNGUMZIA

Hatuzungumzii kikohozi cha mafua cha wiki moja. Tunazungumzia ugonjwa sugu wa mapafu. Ndani ya mapafu mna njia nyingi ndogo za hewa. Katika ugonjwa huu njia hizo huvimba, hujaa makohozi na kuwa nyembamba. Vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwisho wa njia hizo huharibika. Hewa huingia, lakini hutoka kwa shida. Mtu hukohoa kwa miezi na miaka. Huhema akipanda kilima kidogo, na baadaye huhema hata kwenye njia tambarare.

Wengi huku kwetu huita hali hiyo pumu. Lakini pumu mara nyingi huja na kuondoka. Ugonjwa huu hauondoki, ila unaweza kupunguzwa makali.

Sigara ni sababu kubwa. Lakini wapo wagonjwa wengi ambao hawajavuta hata siku moja. Yupo mama aliyepika kwa kuni miaka 30 katika jiko lisilo na dirisha. Yupo mwanamke wa pwani anayebanika samaki kwa moshi. Yupo mtu aliyeugua kifua kikuu, akapona, lakini mapafu yake yakabaki na makovu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapima watu wazima katika sehemu moja ya vijijini hapa Tanzania. Ulikuta watu 17 hivi katika kila 100 wana njia za hewa zilizoziba kwa namna hii. Karibu wote hawakuwa wameambiwa kabla kwamba wana ugonjwa huo.

Huku Tanga tuna jambo letu zaidi, nalo ni mkonge. Mmea huu aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalitokea mashamba ya Korogwe, Muheza, Hale na Ngomeni, na kazi kwa maelfu ya watu. Kwenye korona, yaani mashine ya kukwangua majani, kazi ni ya maji, na vumbi ni kidogo. (Jina hilo la korona lilikuwapo Tanga miaka mingi kabla ya ugonjwa wa mwaka 2020.) Vumbi lenyewe liko kwenye chumba cha brashi. Huko singa zilizokwisha kukauka husuguliwa na mashine, na vumbi huruka kama unga. Uchunguzi uliofanywa katika viwanda vya mkonge vya Tanzania katika miaka ya 2000 ulionyesha kwamba watu wa brashi walikohoa na kupiga chafya kuliko wenzao wa korona.

Mtu aliyefanya kazi kwenye brashi miaka 20, naye sasa anahema njiani, asiseme ni uzee tu. Apimwe.

KWA NINI MIGUU IDHOOFIKE?

Hapa ndipo penye jambo kubwa, nasi tutakwenda polepole.

Mgonjwa akitembea, anahema. Kuhema kunatisha. Mtu huona kama anazama majini. Kwa hiyo huamua kutotembea. Leo hendi kisimani. Kesho hendi dukani, anamtuma mjukuu. Watu wa nyumbani, kwa huruma yao, humwambia, "Babu, wewe pumzika." Wanamletea chakula kitandani.

Sasa tazama linalotokea. Misuli ya mapaja isiyotumika hupungua, kama mkono wa mtu aliyefungwa plasta baada ya kuvunjika. Misuli iliyopungua huchoka upesi. Kazi ndogo huwa kubwa kwake, na hudai hewa nyingi zaidi. Mgonjwa akijaribu tena kutembea, anahema kuliko mwanzo. Anaogopa zaidi. Anakaa zaidi. Misuli inapungua zaidi.

Mapafu yaliyoharibika hayarudi kuwa mapya. Lakini misuli hurudi. Ndiyo maana kupima miguu kuna faida mbili. Kwanza, kunaonyesha nani yuko hatarini. Pili, kunapima kitu ambacho mgonjwa mwenyewe anaweza kukibadilisha.

KUTEMBEA DAKIKA SITA

Kipimo kinachotumika sana duniani ni kutembea kwa dakika sita. Historia yake ni fupi. Mwaka 1968 daktari wa Kimarekani, Kenneth Cooper, alieleza kipimo cha kuwapima askari wa ndege kwa kukimbia dakika 12. Mwaka 1976 madaktari wa Uingereza wakakichukua kwa wagonjwa wa kifua, lakini badala ya kukimbia wakawaambia watembee. Hata hivyo dakika 12 ni nyingi kwa mtu anayehema. Mwaka 1982 madaktari wengine wa huko huko walionyesha kwamba dakika sita zinatosha. Tangu hapo dakika sita ndizo zimekuwa desturi.

Kipimo hiki kifanyike kwenye zahanati au kituo cha afya, mbele ya muuguzi au mganga. Hakihitaji umeme. Kinahitaji njia tambarare ya mita 30, saa na kiti cha kupumzikia. Kwa ndugu zetu wa milima ya Usambara, njia tambarare ni adimu, lakini uwanja wa mpira wa shule unafaa.

Mita 30 utazipataje? Chukua futi ya fundi cherehani. Urefu wake ni mita moja na nusu. Pima kamba ya mkonge mara 20 kwa futi hiyo. Mara 20 kwa mita moja na nusu ni mita 30. Funga fundo kila baada ya mita 5. Inyooshe kamba chini, weka jiwe kila mwisho.

Mgonjwa apumzike kwanza dakika kumi. Kisha aambiwe hivi: "Tembea huku na huku kati ya mawe haya kwa dakika sita. Lengo ni kwenda mbali uwezavyo, lakini usikimbie. Ukichoka, simama. Ukipata nafuu, endelea." Akisimama, saa isisimamishwe. Anayetumia fimbo atumie fimbo yake. Msimamizi asitembee mbele yake wala kumhimiza kwa kelele, maana atamfanya aende kwa mwendo usio wake. Kila akimaliza urefu mmoja wa kamba, msimamizi aweke kokoto moja mfukoni.

Dakika sita zikiisha, mgonjwa asimame pale alipo. Hesabu kokoto. Tuseme ziko 11, na mgonjwa amesimama kwenye fundo la mita 20. Hesabu yake ni hii:

11 mara 30 ni 330.
330 na 20 ni 350.

Mgonjwa huyu ametembea mita 350.

Sasa mita 350 zina maana gani? Mwaka 2004 daktari Bartolome Celli na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 625 wa ugonjwa sugu wa mapafu katika Marekani, Hispania na Venezuela. Waliangalia mambo manne kwa kila mgonjwa: wembamba wa mwili, nguvu ya kupuliza hewa, jinsi anavyohema katika shughuli zake, na mita alizotembea kwa dakika sita. Aliyetembea mita 350 au zaidi hakupewa alama ya hatari. Aliyeshindwa kufika mita 150 alipewa alama 3, ambazo ni nyingi kuliko zote katika kipimo hicho cha kutembea. Alama za mambo yote manne zikajumlishwa. Jumla hiyo ilibashiri kifo vizuri zaidi kuliko mashine ya kupulizia hewa ikitumiwa peke yake.

Fikiri jambo hilo. Mashine ya kupulizia haipatikani kila zahanati, na inahitaji mtu aliyefundishwa. Mashine hiyo bado ni ya lazima ili kuujua ugonjwa wenyewe, wala kamba haichukui nafasi yake. Lakini kamba na kokoto zinaongeza habari ambayo mashine haina.

Tahadhari moja. Mita hizo zimetoka kwa watu wa nchi nyingine. Bibi mfupi wa Mkinga mwenye miaka 75 asilinganishwe na mwanamume mrefu wa Hispania mwenye miaka 60. Kwa maoni yangu, ni afadhali mtu alinganishwe na yeye mwenyewe. Bibi aliyetembea mita 320 mwezi wa Januari, na mita 270 mwezi wa Julai, amepungukiwa mita 50. Madaktari huhesabu kwamba tofauti ya mita 30 hivi ni mabadiliko ya kweli, si bahati tu. Kwa hiyo bibi huyo aonwe na daktari, hata kama anasema hajambo.

Wapo wasiofaa kupimwa hivi. Mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo mwezi uliopita asipimwe. Mwenye maumivu ya kifua asipimwe. Ambaye moyo wake unapiga zaidi ya mara 120 kwa dakika akiwa amekaa, naye asipimwe mpaka daktari amwone. Na kipimo kikianza, kisimamishwe mara moja mgonjwa akisikia maumivu ya kifua, akipepesuka, akitoka jasho jingi la ghafla, au uso ukimbadilika.

KITI NA MITA NNE

Si kila mahali pana njia ya mita 30. Kwa hiyo vipo vipimo vifupi.

Cha kwanza ni kile cha kiti tulichoanza nacho. Kipo pia cha dakika moja: mgonjwa husimama na kukaa mara nyingi awezavyo katika dakika hiyo. Hiki huchosha kweli, kwa hiyo msimamizi awe karibu. Katika Uswisi na Uholanzi, wagonjwa 409 walipimwa hivyo na kufuatiliwa kwa miaka miwili. Walioweza kusimama mara nyingi zaidi walikufa wachache zaidi.

Cha pili ni mwendo wa mita nne. Pima mita nne kwa futi. Mgonjwa atembee kwa mwendo wake wa kila siku, si wa mbio. Hesabu sekunde. Akizidi sekunde 5, mwendo wake ni wa pole mno. Mjini London wagonjwa 213 wa kifua walipimwa hivi siku ya kutoka hospitali, na majibu yakachapishwa mwaka 2015. Wakagawanywa makundi manne kwa mwendo wao. Katika kundi la wepesi, mtu mmoja hivi kati ya kila tisa alirudi kulazwa ndani ya siku 90. Katika kundi la wazito, karibu nusu yao walirudi. Ni kipimo cha sekunde chache tu, nacho kilionyesha nani asiachwe bila kutembelewa nyumbani.

Kipo pia cha kukamua kifaa kwa kiganja ili kupima nguvu za mkono. Kinahitaji kifaa chake, kwa hiyo hatutakikalia.

Tena yapo maswali, ambayo hayahitaji hata saa. Yalianzia kwa wachimba makaa ya mawe wa Wales, Uingereza, waliokuwa wakiugua vumbi kama watu wetu wa brashi. Je, unahema ukipanda kilima? Je, kwenye njia tambarare unaachwa nyuma na watu wa rika lako? Je, inakubidi usimame baada ya mita 100 hivi? Je, unahema hata ukivaa nguo? Kadiri "ndiyo" inavyofika mbali katika orodha hiyo, ndivyo hali ilivyo nzito.

NAMBARI MBAYA SI HUKUMU

Hofu yangu ni hii. Watu wa nyumbani wakisikia kwamba kamba inabashiri kifo, watamtazama mzee aliyepata mita 140 kama mtu aliyekwisha. Watamlaza. Watu wakimlaza, wataifanya ile nambari iwe kweli.

Nambari ndogo maana yake ni kwamba mtu huyu aanze kusaidiwa leo. Na kusaidiwa kupo. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, madaktari wa Uganda waliwakusanya watu waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na mapafu mabovu. Waliwafanyisha mazoezi na kuwafundisha mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Kabla ya mazoezi walipimwa kwa kutembea baina ya alama mbili, kwa mwendo unaoongezwa kidogo kidogo. Kwa wastani walifika mita 300 hivi. Baada ya mazoezi walipita mita 370. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2017. Mapafu yao yalibaki na makovu yale yale. Miguu ndiyo iliyorudi.

Mgonjwa aliyekwisha kuonwa na mganga anaweza kuanza kijijini. Atembee kila siku, asubuhi kabla ya jua kali, mpaka ahisi anahema lakini bado anaweza kusema maneno machache. Apumzike, kisha aendelee. Wiki ya kwanza afike kwa jirani na kurudi. Wiki ya pili afike kisimani. Nyumbani ainuke kwenye kiti mara tano, apumzike, arudie, asubuhi na jioni. Mjukuu akae karibu naye, lakini asimwinue.

Akihema sana, avute hewa kwa pua, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza uji wa moto. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Namna hii husaidia hewa iliyokwama kutoka.

Mengine mnayajua. Aache sigara, maana mazoezi bila kuacha sigara ni kuchota maji kwa pakacha. Jiko lihamishwe nje au litobolewe dirisha. Kuni ziwe kavu. Mwenye dawa ya kuvuta kwa mdomo aitumie kama alivyoagizwa, wala asiiache kwa sababu leo hajambo. Ale samaki, maharage, kunde na mayai kadiri anavyopata, kwa sababu misuli haijengwi kwa ugali mtupu.

Kwa walio kazini kwenye vumbi, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wa kazi za hatari wapimwe afya. Kupimwa huko ni haki yako, na hakuna haja ya kuona haya kuuliza. Anayeacha kazi aulize kabla hajaondoka, kwa sababu akishafika kwao Handeni au Kilindi ni vigumu kurudi kudai.

DAFTARI

Chukua daftari la mwanafunzi. Andika tarehe, sekunde za kiti mara tano, na sekunde za mita nne. Zahanati wakikupima dakika sita, andika na mita. Pima mara moja kwa mwezi, saa ile ile, kiti kile kile. Kiti kikibadilishwa kwa kifupi zaidi, utaonekana umedhoofika kumbe ni kiti. Katika familia nyingi yupo mtoto wa shule anayeweza kuandika hayo, na mzee aliyejifunza kusoma ukubwani anaweza kuyaandika mwenyewe.

Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende kwanza kupima makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Asianze na kamba wala kiti.

Asingoje siku ya kupima mtu ambaye midomo au kucha zake zimegeuka rangi ya bluu, au makohozi yake yamebadilika kuwa ya kijani na kuongezeka, au anakohoa damu, au miguu imevimba, au anashindwa kumaliza sentensi kwa kuhema. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Achukue daftari lake, na dawa zote anazotumia ziwe mfukoni.